Fundi wa Kuaga kwa Bi Marashi

Nilikaa na Fundi miaka kumi na minne, na sikumbuki siku hata moja aliyonisifu mbele ya watu. Wengine aliwasifu. Mke wa muuza mafuta ya taa, mwanamke mwenye miguu mizito kuliko gunia la chumvi, aliwahi kuambiwa, "Ahsante bibi, leo umetembea." Nilirudi nyumbani jioni ile nikamgombeza mume wangu kwa sababu ya kitoweo nilichokipika mwenyewe. Nasema haya mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za Fundi kwa moyo mweupe. Nilimpenda, na nilimwonea wivu kila aliyemkaribia, na mpaka leo sijaweza kuyatenga hayo mawili.

Tulimwita Fundi tu. Chama chetu kilikuwa cha lelemama, ngoma ya wanawake ya kusimama safu na kusogea pamoja, na siku zile hapa Bagamoyo chama bila fundi kilikuwa mkusanyiko wa wapiga soga. Kila chama kilikuwa na mkubwa wake wa kukaa mbele na kupepewa, na fundi wake wa kufundisha. Wakubwa wetu walibadilika mara tatu, kila mmoja na kiti chake na kiburi chake. Fundi hakubadilika, mwanamke yule yule. Alizaliwa wapi sijui, maana kila nilipomwuliza alinipa mji mwingine. Mara Pangani, mara Winde, na siku aliyochoka aliniambia, "Hapa hapa nyuma ya kisima. Unanitakia nini, wataka kunirithi?"

Alifundishia uani kwake baada ya sala ya alasiri, na alifundisha akiwa ametugeuzia kisogo. Alikaa kwenye kigoda, uso ukutani, mkononi ukili wa mkeka anaousuka, na sisi nyuma yake tunakwenda na kurudi. Hakutazama mguu wa mtu. Alisikiliza.

"Nani huyo wa tatu, safu ya pili? Kisigino chako kinafika kabla yako."

"Ni mimi, Fundi. Niwie radhi."

"Sina haja na radhi. Kiambie kikungoje."

Wenzangu walidhani ana kitu chake cha siri, jini au hirizi. Mimi nilijua ni masikio tu, kwa sababu nilijaribu kwangu. Nilikuwa nageuka ukutani, nawaambia wanangu wapite nyuma yangu na ndoo za maji, na baada ya miezi nikaweza kumtaja kila mmoja. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nangoja siku Fundi atakapoumwa, niketi mimi kwenye kigoda kile. Hakuumwa.

Mwenyewe alicheza vibaya, na hilo liliwashangaza wageni. Akisimama kutuonyesha hatua alionekana kama anatafuta kiatu kilichopotea chini ya kitanda. Kuimba ndiko hakukuweza kabisa. Akianza kutupa wimbo mpya, wa safu ya mbele walikuwa wanaumauma mitandio wasicheke. Yeye alicheka kabla yao. "Mungu kanipa masikio," alisema, "koo akampa jirani." Nami nilimwamini kwamba halimsumbui.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alikataza mtu kuja kwenye mazoezi na manukato, eti harufu inavuruga hesabu ya hatua, na nguo zake zenyewe zilinuka udi hata ukiwa nje ya ua. Alidharau sifa za watu wa mjini, akisema hawajui kutofautisha ngoma na kelele ya sufuria, lakini baada ya kila ngoma alinituma sokoni asubuhi nikasikilize. "Walisemaje?" ndiyo iliyokuwa salamu yake, kabla sijamaliza shikamoo. Akiambiwa walisema vizuri, alinuna. Akiambiwa walisema vibaya, alitaka majina.

Kitu kimoja kilikuwa changu peke yangu. Ngoma mpya Fundi aliitunga kwa miyaa, zile chane za mkindu za kusukia mikeka. Alizitia rangi, nyekundu safu hii, nyeusi safu ile, akazisuka polepole juu ya jamvi, na jinsi chane ilivyopita juu ya mwenzake ndivyo safu ingepita mbele ya safu. Akikamilisha kipande aliniita asubuhi, kabla wenzangu hawajaja, akanisukumia bila neno. Nilikuwa nikiutazama ule ukili nauona uwanja mzima. "Safu ya pili itagongana na ya nne hapa," namwambia, na yeye anafumua, anasuka upya. Hakusema nimeona vema. Kule kufumua kulinitosha, na nilitembea nako siku nzima.

Ndipo akaja Tatu.

Alitoka Mlingotini kuja kuolewa mjini, msichana wa miaka ishirini hivi, na shangazi yake wa safu ya tatu alimleta kwetu ili asikae bure. Siku ya kwanza alisimama nyuma kabisa. Kucheza hakujua; alikwenda kushoto sote tukienda kulia, na nilifurahi. Kisha tukafika kwenye kiitikio naye akafungua mdomo.

Siwezi kuieleza sauti ile na sitaki. Nitasema tu kwamba Fundi aligeuza uso. Miaka yote ile, mtu aliwahi kuzimia nyuma yake, mtoto aliwahi kuvunja mtungi, na hakugeuka. Siku ile aligeuka yeye na kigoda chake, ukili ukaanguka, akakaa anamtazama msichana wa watu mpaka wimbo ukaisha. Wote tukaona. Mimi nilihisi kama mtu aliyekuta kitanda chake kimelaliwa.

"Unaitwa nani?"

"Tatu, Fundi."

"Njoo mbele, Tatu."

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha na kanga zilikuwa zimerudi madukani, na chama cha pili, mahasimu wetu, kilikuwa kimetuaibisha. Walileta mpiga zumari kutoka Dar es Salaam wakafanya maandamano mji mzima, na kwa wiki mbili tukipita njiani tulizomewa kwa zumari za mdomo. Ilitupasa kujibu. Fundi alikaa siku nyingi akisuka na kufumua bila kuniita, kisha siku moja akatuambia, "Tutamuaga mtu."

"Nani anasafiri, Fundi?"

"Hakuna anayesafiri. Tutamtunga."

Akamtunga Bi Marashi. Alikuwa mwimbaji ambaye hakuna harusi iliyofana bila yeye kutoka Saadani mpaka Kunduchi, na sasa umri umekwenda, anakwenda Hija, na kuimba anakuacha. Safu zetu tano ndizo zingekuwa nyimbo zake. Ya kwanza wimbo wa kubembeleza mtoto, ya pili wa kutwanga, ya tatu wa vijembe, ya nne wa kumpamba bibi harusi, ya tano wimbo wa mwisho alioutunga na hajauimba popote. Bi Marashi angekwenda safu kwa safu, aimbe ubeti wake, aombe radhi kama aombavyo mtu anayekwenda Makka, safu imjibu, kisha ipite katikati ya nyingine na kutoka uwanjani. Mwisho angebaki peke yake mahali patupu.

Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya kitu kama kile upande huu wa pwani. Na nilijua Bi Marashi ni mimi. Nani mwingine aliyezijua hatua za safu zote tano? Sauti yangu ilikuwa nzuri, watu walisema, na hakuna aliyewahi kusema vingine. Nilikwenda kwa Mhindi nikanunua kitambaa cha bafta nyeupe, nikaishona mwenyewe, nikaifunga ndani ya mkeka nisije nikaonekana nina haraka.

Siku ya kugawa, Fundi alitaja safu moja moja. Mimi aliniita jina la baba yangu, kama siku zote.

"Biti Shomari, utaongoza safu ya tano."

"Ya mwisho, Fundi?"

"Ya mwisho ndiyo inayobaki machoni. Bi Marashi atakuwa Tatu."

"Tatu hajui kutembea."

"Utamfundisha wewe."

Nilimfundisha wiki sita. Fundi aliamuru tufungwe pamoja, ncha ya kanga yangu na ncha ya kanga yake, ili nikigeuka ageuke. Kila alasiri nilimvuta uani kama mbuzi wa sadaka. Laiti angekuwa na kiburi. Alikuwa mpole, mwepesi wa kucheka, na jasho likimtoka alinifuta mimi kwanza. "Dada, wewe ndiye ungefaa kuwa huyu," aliniambia siku moja, "mimi nitaanguka." Nikamwambia, "Anza tena, mguu wa kushoto." Nilikuwa naomba aanguke. Niliomba kwenye msala, Mungu anisamehe, nikiwa nimekwisha kusoma Fatiha.

Hakuanguka. Tulicheza alasiri, kwenye uwanja nyuma ya soko tuliouzungushia makuti, wanawake wa mjini wote ndani na wanaume nje wakijifanya wanapita. Tatu alikuja amevaa nyeupe. Alibembeleza safu ya kwanza nayo ikaondoka, akatwanga na ya pili nayo ikaondoka, akawarushia vijembe wa tatu watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alipofika safu ya nne hakuna aliyecheka. Na kila safu aliiambia maneno aliyoandikiwa: "Nimeimba nimemaliza. Sauti naiacha kwenu. Niliyemkosea aniwie radhi."

Safu ya nne ilipojibu, mama mmoja mtu mzima aliyekaa kwenye jamvi alisimama, machozi yanamtoka, akasema kwa sauti, "Tumekuwia radhi, mwanangu, na wewe utuwie radhi!" Akafuata mwingine. Kisha uwanja mzima. Mmoja akampenyezea kifurushi cha ubani, mwingine akamshika mkono akampa salamu za kumfikishia Mtume, na mmoja alimpa jina la mumewe aliyekufa ili amwombee kule. Nyuma ya makuti sauti za wanaume nazo zikajibu, "Tumekuwia radhi!" Watu wale walikuwa wanajua kabisa kuwa huyu ni Tatu, mke wa fulani, anakaa mtaa wa pili. Walijua, na wakaaga.

Ilibaki safu yangu. Alikuja mbele yangu, akaniomba, na ilinipasa nijibu peke yangu kabla ya wenzangu: "Nenda, bibi, tumekuwia radhi." Nikasema, sauti ikanikatika. Kesho yake sokoni watu walisifu jinsi Biti Shomari alivyomlilia Bi Marashi. Nilipeleka habari kwa Fundi kama kawaida. "Walisemaje?" Nikamwambia wamesema mji huu haujaona. Akanuna, akaendelea kusuka.

Baada ya mwezi tulialikwa harusi Kaole. Hatukwenda kucheza, tulikwenda kula na kumwimbia bibi harusi, na wenyeji walimwomba Tatu aanze. Alikaa katikati ya ukumbi, akajitengeneza mtandio, akavuta pumzi. Nikaona wanawake wawili watatu wanatazamana. Hawakujua kinachowatatiza. Mimi nilijua. Kilikuwa kwenye ncha ya ulimi wao, na kwangu kilikuwa kimejaa mdomoni.

"Lo!" nikasema, nikicheka. "Si ulituaga wewe? Umerudi lini Hija?"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka.

"Na kweli," alisema bibi mmoja wa Kaole aliyekuwa uwanjani siku ile. "Mimi mwenyewe nilimwia radhi."

"Aliiacha sauti mbele ya mji mzima," akasema mwingine. "Leo aichukue amwimbie mwari? Si kumtakia mtoto wa watu mkosi?"

"Mama zangu, ule si ulikuwa mchezo?" Tatu alisema.

"Radhi haina mchezo, mwanangu."

Tatu akamtazama Fundi. Sote tulimtazama. Neno lake moja lingetosha; angesema, "Bi Marashi nilimtunga mimi," na mambo yangekwisha, maana hakuna aliyembishia Fundi juu ya ngoma yake. Fundi alikuwa na ukili wake hata harusini. Alipitisha chane moja chini ya mwenzake, akaikaza, hakuinua uso. Tatu akajifunika akarudi kukaa, na aliyeombwa kumwimbia bibi harusi nilikuwa mimi.

Hakuna harusi iliyomwita tena. Mumewe mwenyewe alimwambia, "Umekwisha kuaga hadharani, usinitie midomoni mwa watu." Hata uani kwa Fundi, kwenye kiitikio, wenzake walikuwa wanamgusa kiwiko anyamaze. Mwaka haukuisha akaachwa, akarudi kwao Mlingotini, na waliokwenda kule kununua samaki walisema anabanika ng'onda, samaki wale wa kukaushwa, na wanawake wenzake wakiimba yeye yupo kimya. Mimi sikwenda kununua samaki Mlingotini.

Na sitadanganya, ilikuwa miaka mizuri. Fundi alirudi kuniita asubuhi na kunisukumia ukili. Nilianzisha nyimbo zote. Nikienda harusini nilipewa mto wa kuegemea. Usiku mmoja mmoja ile sauti yangu ya Kaole ilinirudia, ile "lo" yake, lakini kulipokucha nilikuwa na mambo ya kufanya. Kilichoniuma zaidi hakikuwa Tatu. Kilikuwa kwamba mpaka hapo, na yeye hayupo, Fundi hakunigeuzia uso nikiimba.

Fundi alikuja kuumwa kifua, miaka ya mwisho ile kabla ya uhuru kuanza kuzungumzwa kila baraza. Chama kilikuwa kimekwisha vunjika, vijana wanataka gramafoni. Nilimpelekea uji wa mtama asubuhi moja. Alikuwa amelala kitanda cha kamba, amekonda, miyaa haipo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Walisemaje?"

"Nani, Fundi?"

"Watu. Juu yangu."

"Wanakuombea."

Akanuna. Nikamlisha vijiko vitatu, akakataa cha nne, akasema alichokuwa amewaambia wote waliomtembelea wiki ile: kama amenikosea nimwie radhi. Nilikuwa nimejiandaa kulia na kumjibu upesi. Badala yake jingine ndilo lililonitoka.

"Fundi, kule Kaole. Mimi ndiye niliyesema."

"Najua. Nilikuwepo."

"Nilisema kwa wivu."

"Najua." Alipumzika, kifua kikimpiga filimbi. "Kwani nilikufunga naye kanga wiki sita kwa nini? Miguu yake ilikuwa tayari wiki ya pili."

Sikumwelewa mara moja. Aliningoja, kama alivyokuwa akiningoja nione mahali safu zitakapogongana.

"Siku ile ya kwanza aliyoimba sikulala," akasema. "Wala ya pili. Nimewafundisha watu kuimba maisha yangu yote na koo hili. Nilijua mji huu, mtu akiuaga unaaga kweli. Nikajua pia kwamba siku akijaribu tena, watu watahitaji mmoja wa kuwakumbusha. Mimi nikisema, watanijua. Wewe ukisema, wataona utani."

"Ulinipanga."

"Nyote niliwapanga. Ndiyo kazi yangu. Niwie radhi."

Najua nilipaswa kusema nini. Nilipaswa kumtaja Tatu, na moshi wa ng'onda, na mume aliyemwacha. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, na kilichonitoka ni swali nililolala nalo tangu siku ile ya kugawa safu.

"Na mimi je, Fundi? Bi Marashi, mbona hukunipa mimi?"

Alinigeuzia uso. Aligeuka kiwiliwili kizima pale kitandani, kwa taabu, akanitazama, na nikaona anashangaa kweli. Hakuwa na ubaya hata chembe.

"Wewe?" alisema. "Wewe mwanangu ungeaga, kesho yake ungeimba, na hakuna ambaye angekumbuka."

Kisha akaniomba radhi tena, kama ada. Nikamwambia, "Radhi ya Tatu nimekuwia," ingawa haikuwa yangu kuitoa. Yangu akaisubiri, amenitazama, mpaka nikachukua bakuli langu nikatoka.